Ndui na Kirusi Chake: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wengi wanaouliza kuhusu ndui hawajawahi kumwona mgonjwa wake hata mmoja. Ndiyo maana maswali yao huchanganya mambo: huyu anadhani ndui ni jina la zamani la tetekuwanga, yule anadhani bado ipo mahali fulani, na mwingine anataka kujua kwa nini baba na mama wana kovu begani na yeye hana.

Ndui ni nini?

Ni ugonjwa wa kuambukiza unaoletwa na kirusi kiitwacho variola. Huanza kwa homa kali, kisha mwili unajaa vipele vinavyogeuka malengelenge na hatimaye majipu madogo ya usaha, usoni zaidi kuliko tumboni.

Kirusi hiki kilikuwa na aina mbili. Variola major iliua takribani watu 3 katika kila 10 walioambukizwa bila kuchanjwa. Variola minor iliua chini ya mtu 1 katika kila 100. Ukimtazama mgonjwa mmoja kitandani usingeweza kusema kwa uhakika ana aina gani. Tofauti ilionekana baada ya wiki kadhaa, kwa kuhesabu makaburi.

Bado ipo?

Hapana. Mtu wa mwisho kuambukizwa kwa njia ya kawaida aliugua Oktoba 1977, na tarehe 8 Mei 1980 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulitangaza kwamba ndui imetokomezwa. Hadi leo ndio ugonjwa pekee wa binadamu uliofutwa kabisa duniani. Mwenzake ni sotoka ya ng'ombe, iliyotangazwa kutokomezwa mwaka 2011.

Kirusi chenyewe ni habari nyingine. Hicho bado kipo, kimegandishwa, na maelezo yake yako mbele.

Kirusi cha variola kikoje?

Kwa virusi, ni pandikizi la kirusi. Umbo lake ni kama tofali lenye kona zilizosagika, na urefu wake ni karibu nanomita 300, yaani ukipanga zaidi ya elfu tatu kwa mstari ndipo unapata milimita moja. Bado ni kidogo mno kwa jicho, lakini virusi vingi vingine ni vidogo kuliko hivyo mara kadhaa.

Ndani kuna DNA ya nyuzi mbili yenye jozi za besi, yaani herufi zake, takribani 186,000 na jeni zipatazo 200. Jambo la ajabu ni mahali kinapofanyia kazi. Virusi vingi vya DNA hulazimika kuingia ndani ya kiini cha seli na kuazima mitambo ya mwenye nyumba. Variola huja na vimeng'enya vyake mkononi, hubaki nje ya kiini, na hujizalisha huko huko kwenye saitoplazimu, yaani ute unaokizunguka kiini. Sehemu ya jeni zake haihusiki na kuzaliana hata kidogo. Kazi yake ni kuvuruga kinga ya mwili ili ichelewe kushtuka.

DNA hiyo hubadilika polepole sana. Kumbuka jambo hili, kwa sababu ndilo lililoiponza ndui: chanjo iliyofanya kazi mwaka 1800 ilikuwa bado inafanya kazi mwaka 1977. Ukilinganisha na virusi vya mafua, vinavyolazimisha chanjo kuangaliwa upya kila mwaka, utaona tofauti.

Ana ndugu?

Anao wengi: ndui ya ng'ombe, ndui ya farasi, mpox, na vaccinia ambacho ndicho kilichotumika katika chanjo. Walio karibu naye zaidi kwa nasaba ni kirusi cha ndui ya ngamia na kingine kilichopatikana kwa mnyama wa jamii ya panya nchini Benin. Wanasayansi wengi wanaamini babu yao alikuwa kirusi cha wanyama wagugunaji. Ndugu hawa wanafanana kiasi kwamba kinga dhidi ya mmoja humlinda mtu, kwa sehemu kubwa, dhidi ya wengine.

Lakini variola peke yake ndiye aliyeacha wanyama wote na kumng'ang'ania binadamu. Hakuwa na popo wala nyani wa kumhifadhi.

Iliambukizwa vipi?

Hasa kwa kukaa karibu na mgonjwa, uso kwa uso, na kuvuta matone yanayotoka kinywani na kooni mwake. Vidonda vya kwanza hutokea ndani ya mdomo, hupasuka, na mate hujaa virusi. Nguo na matandiko ya mgonjwa nayo yaliambukiza, na wadobi wa hospitali walikuwa miongoni mwa walioumia. Mara chache kirusi kilisafiri hewani mbali zaidi: mwaka 1970, katika hospitali moja ya mji wa Meschede, Ujerumani, mgonjwa aliyefungiwa chumbani aliwaambukiza watu wa ghorofa za juu ambao hawakuwahi kukutana naye.

Hata hivyo, ndui haikuwa na mbio kama watu wanavyodhani. Mgonjwa mmoja, katika jamii isiyo na kinga, aliwaambukiza watu kama 3 hadi 6. Mgonjwa wa surua huweza kuambukiza zaidi ya 12. Tena aliyeambukizwa ndui hakuwa hatari kwa wengine katika siku za mwanzo kabla ya homa, na kufikia wakati wa kuambukiza sana tayari alikuwa hoi kitandani. Waliougua walikuwa watu wa nyumba moja, wauguzi, na waliokuja kumjulia hali.

Ugonjwa uliendaje, siku kwa siku?

Baada ya kirusi kuingia, kulikuwa na kimya cha siku 7 hadi 19, mara nyingi 10 hadi 14. Mtu alikula, alifanya kazi, alisafiri, bila kujua.

Kisha homa ilipanda ghafla, pamoja na maumivu ya kichwa na mgongo na kutapika. Maumivu ya mgongo yalitajwa sana na madaktari wa zamani, kwa kuwa yalimwangusha mtu mzima akashindwa kusimama. Baada ya siku 2 hadi 4 homa ilipungua kidogo, na mgonjwa alidhani anapata nafuu. Hapo ndipo madoa mekundu yalipotokea ulimini na kinywani, kisha usoni, mikononi, miguuni, na ndani ya saa 24 hivi mwili mzima.

Madoa yaliinuka yakawa vipele, vipele vikajaa maji, na katikati ya kila kimoja palibonyea kama kitovu. Kufikia wiki ya kwanza ya vipele, maji yalikuwa yamegeuka usaha. Vilikuwa vigumu, vimezama ndani ya ngozi. Ukivigusa ni kama punje za risasi zilizofukiwa chini yake. Homa ilirudi. Waliokufa, wengi walikufa katika wiki ya pili ya ugonjwa. Walionusurika walianza kuota vigaga, na vigaga vilidondoka kimoja kimoja hadi mwisho wa wiki ya tatu hivi. Mpaka kigaga cha mwisho kianguke, mtu alihesabiwa bado anaambukiza.

Ilikuwa na sura mbaya zaidi ya hiyo?

Ndiyo, mbili. Katika moja vipele havikuinuka. Vilibaki bapa, laini, vimeshikana, na karibu kila aliyepata hivyo alifariki. Katika nyingine damu ilivujia chini ya ngozi na kutoka puani, kinywani na tumboni, na mgonjwa alikufa mara nyingi kabla hata vipele vya kawaida havijaonekana. Wajawazito walikuwa katika hatari kubwa ya aina hii.

Ubaya wa aina ya kuvuja damu haukuwa wa mgonjwa peke yake. Daktari hakuitambua. Mwaka 1972 huko Yugoslavia, nchi ambayo haikuwa imeona ndui tangu 1930, kijana mmoja alitibiwa kwa kudhaniwa kwamba mwili wake umekataa penisilini, akahamishwa hospitali hadi hospitali, akaambukiza wengi njiani. Mlipuko huo ulileta wagonjwa 175 na vifo 35, na serikali ikachanja watu wapatao milioni 18 katika majuma machache.

Nitaitofautishaje na tetekuwanga?

Hili ndilo swali lililowasumbua wahudumu wa afya kwa miaka mingi, na jibu lake lilikuwa na thamani ya maisha.

Tazama mahali vipele vilipo. Ndui hujazana usoni, mikononi na miguuni, hadi viganjani na kwenye nyayo. Tetekuwanga hupenda kiwiliwili, kifua na mgongo, na ni nadra kugusa viganja na nyayo.

Halafu tazama umri wa vipele. Katika ndui, vipele vya sehemu moja ya mwili huenda pamoja kama darasa moja: vyote ni maji, au vyote ni usaha, au vyote ni vigaga. Katika tetekuwanga vinakuja kwa mafungu, kwa hiyo kwenye mgongo mmoja utakuta kipele kipya, lengelenge na kigaga bega kwa bega. Vipele vya tetekuwanga pia ni vya juujuu na hupasuka kirahisi.

Kwa nasaba, magonjwa haya hayana undugu wowote. Kirusi cha tetekuwanga ni cha jamii ya hepesi.

Na surua?

Surua haina malengelenge ya usaha. Lakini siku za mwanzo, kabla vipele havijajaza maji, zilichanganya hata mabingwa. Mmoja wa walioandika kwanza kwa ufasaha namna ya kuyatenganisha magonjwa haya mawili ni Abu Bakr al-Razi, tabibu Mwajemi aliyefanya kazi Rayy na Baghdad na kufariki karibu mwaka 925. Aligundua kwamba maumivu ya mgongo ni ya ndui zaidi, na wasiwasi wa moyo na kichefuchefu ni vya surua zaidi. Bila hadubini, bila maabara. Kwa kumkalia mgonjwa tu na kumtazama.

Aliyepona alibaki na nini?

Makovu, kwanza. Wengi wa walionusurika variola major walibaki na mashimo usoni, kwa sababu kirusi kiliharibu tezi za mafuta za ngozi ambazo uso unazo nyingi. Baadhi walipofuka pale vidonda vilipofika kwenye mboni. Wengine viungo vilikakamaa.

Walibaki pia na kinga ya kudumu. Aliyewahi kuugua ndui alikuwa muuguzi asiyeogopa, na familia nyingi ziliokolewa na shangazi mwenye uso wenye mashimo.

Ilianza lini na wapi?

Maiti iliyokaushwa ya Farao Ramses V, aliyefariki karibu mwaka 1145 kabla ya Kristo, ina vipele vinavyofanana sana na vya ndui, lakini kufanana si ushahidi. DNA ya variola ya zamani zaidi iliyothibitishwa imetoka kwenye mifupa na meno ya watu wa enzi ya Waviking huko Ulaya Kaskazini, karne ya 6 hadi ya 11, na matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2020. Kinachovutia ni kwamba kirusi kile cha Waviking kilikuwa tawi lililokufa, tofauti na kilichoua watu karne za karibuni. Huenda hata ukali wake ulikuwa tofauti.

Ni kweli iliangusha falme?

Peke yake, hapana. Ilisaidia sana. Ndui ilifika Mexico mwaka 1520 pamoja na Wahispania, kwa watu ambao miili yao haikuwahi kukutana nayo. Cuitláhuac, mtawala wa Waazteki aliyewafukuza Wahispania kutoka Tenochtitlan, alifariki kwa ndui mwaka huo huo baada ya kutawala siku 80 hivi. Mji ulianguka 1521.

Wala haikubagua taji. Malkia Mary wa Pili wa Uingereza ilimuua mwaka 1694, Tsar Peter wa Pili wa Urusi 1730, na Mfalme Louis wa 15 wa Ufaransa 1774. Katika karne ya 20 peke yake, karne ambayo tayari ilikuwa na chanjo, makadirio yanayotajwa mara nyingi ni vifo milioni 300.

Kabla ya chanjo, watu walijikingaje?

Kwa ndui yenyewe. Waliona kwamba haimrudii mtu, wakaona heri aipate kwa mpango kuliko kwa bahati mbaya. Huko China unga wa vigaga ulipulizwa puani. India, Uturuki na sehemu za Afrika usaha au unga wa vigaga uliwekwa kwenye mkwaruzo wa ngozi. Kirusi kikiingia kwa njia ya ngozi badala ya pumzi, ugonjwa kwa kawaida huja mwepesi zaidi.

Waingereza waliijua njia hii kwa bidii ya Lady Mary Wortley Montagu, mke wa balozi, ambaye alimfanyia mwanawe huko Constantinople mwaka 1718. Mji wa Boston uliijua kwa mtu ambaye kwa muda mrefu jina lake halikupewa nafasi yake: Onesimus, Mwafrika Magharibi aliyekuwa mtumwa wa kasisi Cotton Mather. Alimweleza bwana wake jinsi alivyofanyiwa utotoni kwao. Ndui ilipoingia Boston mwaka 1721, daktari Zabdiel Boylston aliwafanyia watu zaidi ya 200. Walikufa kama 2 katika kila 100, ilhali walioambukizwa kwa njia ya kawaida walikufa kama 14 katika kila 100. Wananchi wenye hasira walirusha bomu nyumbani kwa Mather, halikulipuka.

Kasoro ya njia hii ni kwamba ilitoa ndui ya kweli. Aliyefanyiwa aliweza kufa, na aliweza kumwambukiza jirani ndui kamili.

Edward Jenner ndiye mgunduzi wa chanjo?

Ndiye aliyeithibitisha na kuieneza. Wakamuaji wa maziwa walijua zamani kwamba aliyepata ndui ya ng'ombe hapati ndui ya watu, na mkulima Benjamin Jesty alikuwa ameitumia kumkinga mkewe na wanawe mwaka 1774, miaka 22 kabla.

Tarehe 14 Mei 1796 Jenner alichukua majimaji ya kidonda kutoka mkononi mwa mkamuaji Sarah Nelmes, akayaweka kwenye mikwaruzo ya mkono wa James Phipps, mtoto wa miaka 8, mwana wa mtunza bustani yake. Baadaye akamtia ndui ya kweli. Mtoto hakuugua. Leo daktari atakayefanya hivyo ataishia kizimbani, na kwa haki. Lakini siku hizo kumtia mtoto ndui kwa makusudi ndiyo ilikuwa kinga ya kawaida.

Neno la Kilatini kwa ng'ombe ni vacca, na kutoka hapo lugha nyingi za Ulaya zilipata jina la chanjo.

Shida iliyofuata ilikuwa usafiri, maana majimaji yalikauka na kufa njiani. Mwaka 1803 Mfalme wa Uhispania alimtuma daktari Francisco Javier de Balmis kuvuka Atlantiki na watoto yatima 22. Walichanjwa wawili wawili, kwa zamu, kila fungu likipokea kutoka vidonda vya lililotangulia, hadi chanjo ikafika Amerika ikiwa hai ndani ya mikono ya watoto.

Kwa hiyo chanjo ya karne ya 20 ilikuwa ndui ya ng'ombe?

Hapana, na hili huwashangaza wengi. Mwaka 1939 iligunduliwa kwamba kirusi kilichokuwa kwenye chanjo si ndui ya ng'ombe wala si variola. Kilipewa jina vaccinia. Uchunguzi wa DNA wa miaka ya karibuni unakiweka karibu zaidi na ndui ya farasi. Kilivyofika kwenye chupa, na lini, hakuna aliyeandika.

Kovu la begani linatoka wapi?

Vaccinia ni kirusi hai. Kilipowekwa kwenye ngozi kilitoa lengelenge moja, likawa kigaga, kigaga kikaacha kovu. Anayechanja alirudi baada ya wiki moja hivi kutazama: pasipokuwa na lengelenge, chanjo haijashika, na ilirudiwa.

Kovu la ndui kwa kawaida limebonyea na lina mistari kama miale ya jua. Watu hulichanganya na la BCG, chanjo ya kifua kikuu, ambalo huwa dogo na mara nyingi limevimba kidogo. Si kanuni ya kuapia. Mwaka wa kuzaliwa ni kidokezo bora.

Mbona mimi sikuchanjwa?

Kwa sababu hapakuwa na haja tena, na chanjo yenyewe haikuwa bila madhara. Katika kila watu milioni waliochanjwa mara ya kwanza, mmoja au wawili walifariki, na wenye ukurutu au kinga dhaifu waliweza kupata vidonda vya kutisha. Marekani iliacha kuchanja watoto kwa utaratibu wa kawaida mwaka 1972, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 karibu dunia nzima ilikuwa imeacha.

Kwa nini iliwezekana kuifuta ndui, na magonjwa mengine bado yanatushinda?

Jibu la haraka ambalo husikika ni kwamba watu wote walichanjwa. Si kweli. Wote hawakuchanjwa, wala hapakuwa na haja.

Ndui haikujua kujificha. Haikuwa na mnyama wa kukimbilia. Hapakuwa na mtu anayeibeba miaka bila kujua, kama ilivyo kwa homa ya ini au VVU. Kila mgonjwa aliitangaza usoni mwake, na hata mtoto aliyeonyeshwa picha aliweza kusema ni nani kijijini aliye na kitu kama hicho. Chanjo moja ilitosha, na hata ikitolewa ndani ya siku 3 au 4 baada ya kukutana na mgonjwa iliweza kuzuia ugonjwa au kuupunguza makali.

Vifaa navyo vilikuwa rahisi. Leslie Collier wa Uingereza alipata njia ya kukausha chanjo kwa kugandisha, ikawa inakaa miezi kwenye joto bila jokofu. Benjamin Rubin wa Marekani alibuni sindano yenye ncha mbili kama uma mdogo: unaichovya, tone linakaa kati ya ncha, unadonoa ngozi mara 15. Mtu asiye na elimu ya tiba alijifunza kwa dakika chache.

Viktor Zhdanov, naibu waziri wa afya wa Muungano wa Kisovieti, ndiye aliyependekeza mwaka 1958 kwamba Shirika la Afya Duniani liifute ndui. Kazi ilisuasua hadi 1967, ilipoanzishwa kampeni mpya chini ya Mmarekani D. A. Henderson. Mwaka huo wagonjwa walikadiriwa kuwa milioni 10 hadi 15. Ndiyo, katikati ya Vita Baridi. Wasovieti walitoa chanjo nyingi na Wamarekani walitoa fedha na watu.

Mbinu iliyomaliza kazi ilizaliwa kwa uhaba. Desemba 1966, mashariki mwa Nigeria, daktari William Foege na wenzake walikuwa na mlipuko mkononi na chanjo chache. Badala ya kuchanja kila mtu, waliwauliza wamisionari kwa redio ni vijiji gani vina wagonjwa, wakachanja waliomzunguka kila mgonjwa, kisha wakakisia kwa kufuata masoko na ndoa ni wapi ugonjwa ungeelekea, wakatangulia huko. Kirusi kilipofika kilikuta mlango umefungwa. Waliotegemea kuchanja asilimia 80 ya watu wote hawakuipenda hesabu hiyo, hadi walipoona inafanya kazi.

India iliidhihirisha kwa ukubwa wake. Mwaka 1974 ilikuwa na mlipuko mkubwa, jimbo la Bihar likiongoza. Wafanyakazi zaidi ya 100,000 walipita nyumba kwa nyumba wakiwa na kadi ya picha ya mtoto mwenye ndui, wakiuliza swali moja. Mei 1975 mgonjwa wa mwisho alipatikana.

Nani alikuwa mgonjwa wa mwisho?

Inategemea unahesabu nini. Wa mwisho wa variola major ni mtoto wa kike, Rahima Banu, wa kisiwa cha Bhola nchini Bangladesh, Oktoba 1975. Alipona.

Wa mwisho wa ndui yoyote iliyoambukizwa kwa njia ya kawaida ni Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali wa miaka 23 mjini Merca, Somalia. Oktoba 1977 alipanda gari kwa dakika chache tu kuwaelekeza waliobeba watoto wawili wenye ndui kwenda kwenye kambi ya kutengwa. Kazi yake ilimtaka achanjwe, lakini alikuwa ameikwepa sindano kwa kuogopa maumivu. Alipougua alidhaniwa ana malaria, kisha tetekuwanga. Baada ya kutambuliwa, watu zaidi ya 54,000 walichanjwa kumzunguka ndani ya majuma mawili, na hakuna hata mmoja aliyeupata kutoka kwake. Miaka mingi baadaye alijitolea katika kampeni ya polio, akiwaambia wazazi wasirudie kosa lake. Alifariki mwaka 2013, kwa malaria.

Lakini aliyekufa mwisho ni Janet Parker, mpiga picha wa chuo cha tiba cha Birmingham, Uingereza. Ofisi yake ilikuwa juu ya maabara iliyofuga kirusi. Alifariki tarehe 11 Septemba 1978, na mkuu wa maabara ile, Profesa Henry Bedson, alijiua kabla yake. Njia iliyotumiwa na kirusi kumfikia bado inabishaniwa.

Kirusi kiko wapi sasa?

Rasmi, mahali pawili: kituo cha kudhibiti magonjwa, CDC, mjini Atlanta, Marekani, na kituo cha utafiti wa virusi cha Vector huko Koltsovo, karibu na Novosibirsk, Urusi. Nchi nyingine ziliteketeza akiba zao au kuzikabidhi. Afrika Kusini iliteketeza yake mwaka 1983.

Kama zichomwe au zihifadhiwe ni ubishi wa zaidi ya miaka 30. Wanaotaka zibaki wanasema dawa na chanjo mpya zinahitaji kujaribiwa kwa kirusi chenyewe. Wanaotaka zichomwe wanaonyesha kwamba hatari pekee iliyobaki ni hiyo akiba. Mimi naona hoja ya kuchoma imedhoofika tangu jeni za variola zisomwe zote: mwaka 2018 wanasayansi wa Kanada walichapisha jinsi walivyounda ndui ya farasi upya kwa vipande vya DNA vilivyonunuliwa. Anayeweza hilo hahitaji kuvunja jokofu la mtu.

Na neno "rasmi" lisikulaze usingizi. Julai 2014, chupa sita za variola za miaka ya 1950 zilikutwa ndani ya boksi, kwenye chumba cha baridi cha maabara ya serikali huko Bethesda, Marekani. Mbili zilikuwa na kirusi hai.

Makaburi ya zamani yanaweza kuirudisha?

Hakuna kirusi hai kilichowahi kupatikana kwenye maiti za kale, ingawa vipande vya DNA vimepatikana. Kinachostahimili ni kigaga: watafiti wa Uholanzi waliweka vigaga ndani ya bahasha kwenye joto la kawaida, na baada ya miaka 13 bado walipata virusi hai. Kwa hiyo wachimbaji wanaofungua makaburi ya wagonjwa wa ndui huvaa kinga, na wana sababu.

Ikirudi, kuna dawa?

Ipo. Tecovirimat iliidhinishwa Marekani mwaka 2018 na brincidofovir mwaka 2021, zote kwa kujaribiwa kwa wanyama maana wagonjwa hawapo. Kuna pia chanjo ya MVA-BN, ambayo kirusi chake hakiwezi kuzaliana ndani ya mtu na kwa hiyo ni salama zaidi kuliko ile ya zamani. Nchi kadhaa zina akiba.

Mpox ni ndui iliyorudi?

Hapana, ni nduguye. Kirusi cha mpox kiligunduliwa mwaka 1958 kwa nyani wa maabara mjini Copenhagen, na mgonjwa wa kwanza wa binadamu alitambuliwa mwaka 1970 katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wakati timu za ndui zilipokuwa zikitafuta masalia. Vipele vinafanana, lakini mpox huvimbisha tezi za shingo, kwapa na kinena, jambo ambalo ndui haikulifanya sana. Kingine ni kwamba mpox ina wanyama wa kuihifadhi, hivyo mbinu iliyoimaliza ndui haiwezi kuimaliza yenyewe. Waliochanjwa ndui zamani wana kinga fulani dhidi yake. Waliozaliwa baadaye hawana, na hilo ni sehemu ya sababu ya mpox kupata nafasi.

Nina homa na vipele vya usaha. Inaweza kuwa ndui?

Hapana. Inaweza kuwa tetekuwanga, mpox, au maambukizi mengine ya ngozi, na mengine yanahitaji matibabu ya haraka, kwa hiyo nenda kituo cha afya na usiguse watu hadi uchunguzwe. Mwaka 1978 Shirika la Afya Duniani lilitangaza zawadi ya dola 1,000 kwa yeyote atakayeripoti mgonjwa wa kweli wa ndui. Taarifa zilikuja nyingi kutoka kila upande, zikachunguzwa moja baada ya nyingine. Hakuna aliyelipwa.